Wasimamizi wa repo (ghala la mifano ya programu mtandaoni), futeni hiyo mifano ya zamani, mnatuvunjia vijana moyo!

Wakuu, leo nimechoka, acheni niseme.

Nafundisha vijana kuandika programu hapa Kigoma, Mwanga. Chumba kimoja, kompyuta nne. Mwezi uliopita dogo mmoja aliyemaliza kidato cha sita, anayejituma kwelikweli, alikesha siku mbili na mfano mmoja tu: fomu ya kuingiza majina ya wateja kwenye hifadhidata. Kaunakili herufi kwa herufi kutoka kwenye repo ambayo wengi wetu humu tunawaelekezea wanafunzi. Kila akiufungua: Call to undefined function mysql_connect(), yaani PHP, lugha iliyoandikiwa mfano huo, haiijui amri ya mysql_connect ya kuunganisha na hifadhidata. Akaamini kaharibu yeye. Akafuta XAMPP, programu ya kuendeshea PHP kwenye kompyuta, akanunua bando, akaipakua upya, zaidi ya MB 100. Kosa lile lile. Alipokuja kwangu sauti haitoki: "Mwalimu, labda hii kazi mimi siiwezi."

Iliniuma sana. Hakukosea hata nukta! mysql_connect iliondolewa kwenye PHP 7, iliyotoka Desemba 2015, na tangu PHP 5.5 ya mwaka 2013 watu walishaonywa. Tena mfano wenyewe unachukua chochote mtu alichoandika kwenye fomu na kukibandika moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, lugha ya kuiagiza hifadhidata. Hata ungefanya kazi, unamfundisha mtoto kumwachia mwizi mlango wazi.

Folda ya pili ni ya lugha ya Python, yenye print bila mabano, mtindo wa Python 2, wakati Python 2 iliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020.

Nikauliza kwa nini haifutwi. Jibu: "Tuiache, ni kumbukumbu." Kumbukumbu gani, ndugu zangu? Git, mfumo unaotunza matoleo ya faili za repo, inatunza kila kitu! Ukifuta faili leo, la jana bado limo kwenye historia. Wekeni tagi, alama ya toleo, kabla ya kufuta, anayelitaka atalikuta. Mwingine akasema tuandike onyo kwenye README, faili la maelezo ya repo. Anayeanza hafungui README, anafungua folda iliyoandikwa "mifano", ananakili, basi.

Usiku ule ule nilituma marekebisho. Nimefuta ya zamani yote, fomu ya wateja nimeiandika upya kwa PDO, njia ya PHP ya sasa ya kuunganisha na hifadhidata. Wiki ya tatu hii, kimya.

Leo asubuhi binti mwingine kaja na simu mkononi, kapiga picha kioo cha kompyuta. Sikuhitaji hata kusoma hadi mwisho, ni mysql_connect. Mwenye ruhusa ya kupitisha yumo humu na anasoma. Pitisha leo, mkuu.