Neno la mazishi kutoka 2 Wakorintho 5: hema na jengo nilieleze vipi?

MzeeWaMtaa
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nimepangiwa kutoa neno kwenye ibada ya mazishi Jumamosi, dakika 15. Familia imeshachagua somo: 2 Wakorintho 4:16 hadi 5:10. Marehemu ni baba wa makamo, ameacha nyumba iliyofika kwenye lenta, na kila anayeingia msibani anaitaja hiyo nyumba. Waombolezaji ni Walutheri, Wakatoliki, Wasabato na majirani Waislamu. Naombeni msaada kwa mambo matatu. Hema na jengo nieleze vipi hadi bibi aliyekaa mkekani aelewe? Swali la "yuko wapi sasa" nilijibu vipi? Na mstari wa 10, wenye kiti cha hukumu, niusome au niishie wa 9?

Katekista_Mkongwe
Amina, mzee wetu. Pole kwa msiba.

Anza na turubai lililo juu ya vichwa vyao. Wiki iliyopita halikuwepo. Siku ya kuanua matanga vijana watalegeza kamba, watachomoa vyuma, watalikunja, na uwanjani zitabaki nyasi zilizolala tu. Waambie watazame juu, kisha soma 5:1. Biblia ya Union Version inasema nyumba ya maskani yetu, yaani hema, "ikiharibiwa", lakini kitenzi cha Kigiriki pale kina maana ya kufungua na kubomoa, na anayekitumia, mtume Paulo aliyeandika barua hii, ni fundi. Matendo 18:3 inamtaja Paulo akishona mahema pamoja na Akila na Prisila, tena hukohuko Korintho ilikokwenda barua hii. Anajua hema linavyoshuka.

Halafu kaa kwenye neno "tunalo". Hema ni "ikiharibiwa", jengo ni "tunalo", wakati uliopo. Lirudie mara mbili, polepole.

Usiiache 5:5, "arabuni ya Roho". Wengi huipita mbio, na kumbe ndiyo itakayomfikia bibi wa mkekani pamoja na majirani Waislamu. Kigiriki chake ni *arabon*, neno lililotoka kwa Wasemiti, ndugu wa hilihili letu lililotufikia kupitia Kiarabu. Mtu akitoa arabuni ya kiwanja, muuzaji hatakiwi kumpa mwingine, na aliyetoa amejifunga kumalizia. Hapa aliyetoa ni Mungu. Aliyejifunga kumalizia ni yeye, wala hatudai sisi kwa nguvu zetu. Tumaini la Mkristo limesimama hapo. Ukipungukiwa na muda, kata kingine chochote, hiki kibaki.

Mwinjilisti_Pwani
Naongezea upande wa muda, maana ndipo neno zuri linapoharibikia. Dakika 15 za kwenye ratiba huwa 8 ukishasimama, kwa sababu wasifu na salamu za rambirambi zimekula muda na jua limepanda. Andaa neno la dakika 10 lenye mahali pawili pa kukatia. Mimi ningegawa hivi: turubai na 5:1, dakika 3, arabuni, dakika 4, mstari wa 10 na maombi, dakika 3. Msomaji wa somo awe mwingine, na aanze kulisoma kwa sauti tangu leo. Sentensi za Paulo ni ndefu, msomaji akikata vibaya "si kwamba twataka kuvuliwa, bali kuvikwa" maana inapotea.

Tahadhari kubwa ni 4:17, "dhiki yetu nyepesi". Kamwe usimgeukie mjane ukamwambia dhiki yake ni nyepesi. Paulo anasema habari za dhiki zake yeye, na sura ya 11 ya barua hiihii inazitaja: mapigo arobaini kasoro moja mara tano, bakora mara tatu, mawe mara moja, kuvunjikiwa jahazi mara tatu. Ameziweka kwenye mizani, na upande wa pili Kigiriki kinasema "uzito wa utukufu". Neno hilo "uzito" Union Version haikulibakiza, kwa hiyo litaje mwenyewe, la sivyo picha ya mizani haionekani.

Msomaji_wa_Nyaraka
Wakuu, nakubaliana na turubai, ila lina hatari moja. Mhubiri akiishia hapo, watu wanaondoka na wazo kwamba mwili ni takataka na roho imepona kwa kuutoroka. Paulo hasemi hivyo. Kwenye 5:4 hataki kuvuliwa. Anataka kuvikwa, na kitenzi chenyewe ni cha kuvaa nguo juu ya nguo, kama mtu anavyotupia koti juu ya shati. Kinachopatikana na mauti kinamezwa na uzima. Huo ni ufufuo, sawa na 1 Wakorintho 15:37, chembe tupu inayozikwa na kuota. Sentensi mbili zinatosha, mradi zisemwe, maana dakika chache baadaye mwili huo utashushwa kaburini mbele ya watoto wake.

Katekista_Mkongwe
Ni kweli kabisa, ndugu yangu. Nilipaswa kulitaja.

Kuhusu "yuko wapi sasa": Walutheri na Wakatoliki watakuelekeza 5:8, kutokuwamo katika mwili na kukaa pamoja na Bwana, pamoja na Luka 23:43. Wasabato watakuelekeza 1 Wathesalonike 4, waliolala mauti wanaosubiri parapanda. Ibada ya mazishi haina nafasi ya kulimaliza hilo, na wewe ni mzee wa usharika, si mwamuzi wa madhehebu. Soma 5:8 kama ilivyoandikwa, sema yuko mikononi mwa Bwana, kisha peleka macho ya watu kwenye siku ya ufufuo, ambayo wote hao wanaikiri. Na usimtangazie mtu cheo mbinguni. Ahadi iseme yenyewe.

Mstari wa 10 usome. Ukiishia wa 9, waliofuatilia kwenye Biblia zao watajua umeuruka. Kiti cha hukumu Wakorintho walikifahamu kwa macho. Matendo 18:12 Paulo mwenyewe alipelekwa mbele ya kiti cha Galio, liwali wa Kirumi, mjini mwao, na yule Galio akaifuta kesi. Sasa waambie kiti cha mwisho kinakaliwa na Kristo aliyewafia. Usiugeuze mstari kuwa fimbo ya kuwatisha wafiwa. "Sisi sote" inaanza na wewe unayehubiri.

MzeeWaMtaa
Mungu awabariki. Limebaki moja. Ile nyumba ya lenta niiguse au niiache? Jana kuna aliyesema mbele ya watoto kwamba "amejenga bure".

Mwinjilisti_Pwani
Iguse, mzee, tena mapema, kabla mwingine hajaitaja vibaya kwenye salamu. Kujengea watoto si ubatili. 1 Timotheo 5:8 inamlaumu asiyewatunza walio wake. Na 1 Wakorintho 15:58, baada ya sura nzima ya ufufuo, inafungia hapohapo: taabu yenu siyo bure katika Bwana. Sema nyumba ile ni upendo wa baba unaoonekana kwa macho, imeishia kwenye lenta kwa sababu siku zake ziliishia hapo, na aliyeijenga ana jengo lisilofanywa kwa mikono. Kisha nyamaza kidogo. Watoto wataelewa.

Makaburini usirudie hubiri. Sauti haifiki nyuma na watu wamesimama. Yohana 11:25 peke yake, kwa sauti kubwa, halafu mwachie mchungaji udongo.