Mjadala: Wageni wa meli za kitalii Mombasa wapande matatu na tuktuk wenyewe, au tuwaachie mabasi ya ziara?

Mwenye mada (Mombasa):
Jamani, tujadiliane hili kabla msimu wa meli haujatufikia. Meli ya kitalii ikifunga gati namba 1 pale Kilindini, wageni wengi hupakiwa moja kwa moja kwenye mabasi ya ziara waliyoyalipia humo humo melini. Wachache wanaotaka kuuzunguka mji wenyewe wakitoka getini hawaoni steji, hawajui nauli, na wa kwanza kuwadaka ni mtu anayetaja bei kwa dola. Msimamo wangu nausema wazi: ndani ya kisiwa, mgeni awezeshwe kupanda kile anachopanda mkazi.

Angalieni njia yenyewe. Ukishaishika Moi Avenue unapita chini ya Mapembe, zile sanamu kubwa za pembe za ndovu, unaingia Nkrumah Road, unatokea Fort Jesus. Ni mstari mmoja, na haufiki kilomita 5. Ngome hiyo Wareno walianza kuijenga 1593, UNESCO ikaiingiza kwenye urithi wa dunia 2011, na Mji wa Kale unaanzia hapo hapo ubavuni. Sasa vichochoro vya Mji wa Kale haviingii basi la watu 50. Kwa hiyo wageni hushushwa mbele ya ngome, hutembezwa kwa mkupuo, kisha haraka haraka warudi kwenye viti vyao. Msikiti wa Mandhry, uliosimama tangu karne ya 16, wanaonyeshwa kwa kidole. Marikiti wengi hawafiki kabisa, na huko ndiko mji wenyewe ulipo: viungo, maembe, kelele na bei za kupatana.

Ninachoomba ni kwamba kaunti, bandari na sacco (vyama vya wenye matatu) wakae pamoja, wateue steji nje ya geti, waweke ubao wa njia na nauli. Leteni hoja.

Mwongozaji watalii:
Nina leseni ya kazi hii, na ndiyo inayowalisha wanangu, kwa hiyo mjue naongea kutoka upande gani. Lakini nisikilizeni. Meli haimngoji mtu. Abiria anatakiwa awe amesharudi ndani nusu saa au saa nzima kabla ya kung'oa nanga. Aliye kwenye ziara ya meli, basi likikwama kwenye foleni ya daraja la Nyali linalotoka kisiwani kwenda pwani ya kaskazini, meli itamsubiri au kampuni itamgharamia mpaka aikute bandari inayofuata. Aliyetoka kivyake akichelewa, ndege ni yake, hoteli ni yake, na usumbufu wa karatasi za uhamiaji ni wake. Sasa mchukue mzee wa miaka 70, umweke kwenye matatu inayomsubiri abiria wa 14 ndipo iondoke, makanga anagonga bati anaita watu, na yeye anaangalia saa. Hiyo ni mapumziko gani?

Halafu pesa. Mgeni hana M-Pesa. Ana noti ya dola 20, nauli ni shilingi chache tu. Nani atamrudishia chenji?

Dereva wa tuktuk:
Hoja ya matatu kusubiri ijae ni kweli, lakini tuktuk haisubiri. Nyuma wanakaa watatu, tunapatana bei, tunaondoka. Tatizo letu ni kwamba siku ya meli tukisogea karibu na geti tunafukuzwa, na teksi zenye wenyewe zinabaki. Tupewe foleni yetu, tuandikwe namba, mgeni akilalamika tujulikane.

Ila huo ubao wa nauli za matatu msitegemee sana. Nauli haipangwi na serikali, kila sacco ina yake, na mvua ikinyesha kila mtu hapa anajua kinachotokea.

Muuza leso, Biashara Street:
Mimi niseme la sokoni, maana naona mnazungumzia barabara tu. Wageni wa basi nawaona wakipita, hawashuki. Wakishuka wanapelekwa kwenye duka moja linalojulikana, anayewapeleka anapata chake, basi. Sisi wengine tunabaki kupepea nzi.

Msimu uliopita walinijia akina mama wawili wamekuja na tuktuk. Hawakuwa na mtu wa kuwaharakisha. Wakakaa kwenye benchi, nikawafungulia leso moja baada ya nyingine, wakizishika pindo, wakizilinganisha rangi kwenye mwanga wa mlangoni. Walipochagua nikamwita fundi wa cherehani wa hapo nje azikate na kuzipinda. Walisimama wakamwangalia mwanzo mpaka mwisho. Fundi alilipwa, mimi nikalipwa, kijana wa madafu akauza, na tuktuk iliyowasubiri ikawarudisha. Pesa ile ilipita mikono minne mtaa huu huu. Mwongozaji, kazi yako naiheshimu, lakini niambie basi lako limewahi kufanya hivyo hapa kwetu?

Mswahili wa Mutrah, Oman:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Huku shughuli za kontena zilihamishiwa Sohar mwaka 2014, na Bandari ya Sultan Qaboos ikaachiwa zaidi meli za kitalii. Ndani ya bandari mgeni haruhusiwi kutembea kwa miguu, kwa hiyo kuna basi dogo la bure linalomfikisha getini. Hapo anakutana na teksi za rangi ya chungwa na nyeupe, na madereva wanataja bei kubwa kama huko kwenu. Lakini mwenye miguu hana haja nao: anafuata barabara ya ufukweni mpaka anaingia sokoni. Na tangu 2015 kuna mabasi mekundu ya Mwasalat, shirika la mabasi ya umma; anayetaka mtaa wa biashara wa Ruwi anapanda na wafanyakazi wengine, nauli inajulikana. Waswahili wenye maduka hapa sokoni wanawaona wageni hao kila msimu, wamejaa vichochoroni wawili wawili. Hakuna aliyewafungia njia.

Mwenye mada:
Ahsanteni. Mwongozaji, nakubaliana nawe kwa kila kilicho nje ya kisiwa. Anayetaka kuona wanyama Haller Park kule Bamburi, na zaidi anayetaka Tsavo, apande gari lenye mwongozaji na lenye dhamana ya meli. Foleni ya Nyali haitabiriki, na sitamshauri mgeni acheze nayo. Ila Fort Jesus iko ndani ya kisiwa. Hata tuktuk ikiharibika Mapembeni, mtu anarudi bandarini kwa miguu.

Na wewe dereva umenirekebisha: tuache nauli za matatu, tuanze na tuktuk. Siku za meli tu, bei moja iliyokubaliwa na madereva wenyewe, ya geti mpaka Fort Jesus na ya Fort Jesus mpaka Marikiti, iandikwe kwa shilingi. Ndani ya jengo la abiria pawe na mahali pa kubadilisha pesa, na mgeni apewe noti ndogo ndogo. Hoja ya dola 20 itakuwa imekwisha.

Mwongozaji watalii:
Hapo umesogea. Basi ongeza kitu: saa ya mwisho ya kuanza safari ya kurudi iandikwe kwa herufi kubwa kuliko bei. Saa mbili kabla ya meli kuondoka, si chini. Na sisi wenye leseni turuhusiwe kutembeza kwa miguu hawa wanaokuja na tuktuk, mtu mmoja au wawili. Kwa sasa wengi wetu tunapata kazi kupitia kampuni za mabasi pekee. Mkitaka niwaunge mkono, hilo liwemo.

Dereva wa tuktuk:
Liwemo. Mwongozaji akikaa mbele na mimi, nyuma bado wanaenea watatu.

Muuza leso, Biashara Street:
Basi kwenye huo ubao waandikieni na la Ijumaa. Meli zikifunga siku hiyo, wageni wanafika saa sita na nusu wanakuta milango mingi imefungwa, tuko msikitini, wanadhani mtaa umekufa. Tunafungua tena baada ya swala. Waambiwe waanze na ngome, kwetu waje mchana.