Naomba ushauri: lokumu ya Edmund imenishinda, na wanafunzi wanaisubiri

Mwalimu wa Tanga

Salaam, wanajukwaa. Ninafundisha sekondari hapa Tanga, na kila Ijumaa jioni husoma riwaya pamoja na wanafunzi 26. Muhula huu tumesoma kitabu cha C. S. Lewis cha mwaka 1950, The Lion, the Witch and the Wardrobe, kile kilichoifungua nchi ya Narnia kwa wasomaji, na nimewaahidi kwamba siku ya kufunga tutakula chakula cha humo.

Wao wameomba kitu kimoja tu, nacho ni lokumu, tamutamu ya Kituruki ambayo Mchawi Mweupe anampa mvulana Edmund katikati ya theluji ndani ya kisanduku kilichofungwa utepe wa kijani. Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza nilipika uji wa sukari na kornflawa kwa dakika 20, nikaulaza kwenye friji, na kulipokucha vipande vilikuwa vimetoa maji hadi vinaelea. Mara ya pili nilizidisha moto, nikapata kitu kilichojaa chembechembe za sukari kama mchanga. Mwenzangu mmoja ananishauri niwape kashata au halua, kwa kuwa hakuna mwanafunzi aliyewahi kuonja lokumu ya kweli na hivyo hakuna atakayejua tofauti. Je, nikubali, au kuna njia ya kuipata katika unyevu huu wa pwani?

Mpishi wa Wete

Wa alaykum salaam, mwalimu. Mimi ni mpikaji wa halua, na ninakuhakikishia kwamba kosa lako la kwanza ni dakika 20. Lokumu na halua yetu ni ndugu kwa kuwa zote ni wanga, maji na sukari vilivyopikwa kwa subira, ila halua hutiwa samli na iliki ilhali lokumu haina mafuta kabisa. Wanga usiopikwa ukaiva huyashika maji kwa muda tu, kisha huyaachilia, na hayo ndiyo uliyoyakuta asubuhi.

Chukua vikombe 2 vya sukari na robo tatu ya kikombe cha maji, utie kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu. Usiiache ndimu, kwa sababu asidi yake huvunja sehemu ya sukari na kuizuia isirudi kuwa chembechembe, na naamini ndiyo iliyokosekana katika jaribio lako la pili. Chemsha bila kukoroga hadi tone la shira ukilidondosha kwenye maji baridi lifanye kidonge laini kinachobonyea. Katika sufuria nyingine nzito, koroga nusu kikombe cha kornflawa katika kikombe kimoja na robo cha maji baridi, upike hadi uwe uji mzito unaong'aa, kisha umimine shira kidogo kidogo huku ukikoroga.

Baada ya hapo punguza moto kabisa na uendelee kwa muda wa saa nzima, ukikoroga mara kwa mara na kukwangua chini, mpaka rangi igeuke ya dhahabu na donge lianze kuachana na sufuria. Maji ya waridi yatie mwishoni, kwa sababu harufu yake hupotea motoni. Mimina kwenye sinia iliyopakwa mafuta, uache usiku kucha mahali pakavu bila kufunika. Friji usiikaribie, maana kipande baridi kikikutana na hewa ya Tanga hulowa papo hapo. Kata kwa kisu kilichopakwa mafuta, ugaragaze katika sukari ya aising iliyochanganywa na kornflawa.

Msomaji wa Nairobi

Mwalimu, wazo la kashata ningekuomba uliache, ingawa mwenzako ana nia njema. Kitabu hiki kilipotoka, peremende na tamutamu zilikuwa bado zinauzwa kwa mgawo nchini Uingereza. Mgawo huo ulianza mwaka 1942 wakati wa vita na haukuondolewa hadi Februari 1953. Mtoto aliyekisoma mara ya kwanza alikuwa akihesabu vipande vyake vya wiki, halafu anasoma kuhusu mvulana aliyeletewa ratili kadhaa za lokumu, ale peke yake. Wanafunzi wako wakila kitu wanachokipata kila siku dukani, hawatauelewa ule uchu.

Bibi wa Maktaba

Nakubaliana na ndugu wa Nairobi, lakini nasikitika kwamba hakuna aliyetaja chakula bora kuliko vyote vya kitabu hicho. Kwa nini tumwache Edmund atuchagulie karamu? Nyumbani kwa Bwana na Bibi Beaver, wale wanyama wa mtoni wasemao, Edmund na ndugu zake wanakula samaki wa maji baridi aliyetoka kuvuliwa kwenye tundu la barafu, viazi vilivyochemshwa, donge kubwa la siagi ya manjano ambalo kila mtu anajikatia atakavyo, kisha keki ya marmaladi iliyoviringishwa, inayonata na kufuka mvuke. Wote wanafurahia isipokuwa Edmund, ambaye bado anaiwaza lokumu na hivyo haoni ladha ya chakula cha kawaida.

Kwa hiyo, mwanangu, pika vyote viwili, na lokumu uitangulize. Mpe kila mwanafunzi kipande kimoja tu, usimwongeze, kisha uandike samaki na viazi. Watayaona wenyewe yaliyompata Edmund.

Mwalimu wa Tanga

Nawashukuru sana, na shikamoo, bibi. Jana nilipika kwa kufuata maelekezo ya Wete. Mkono uliniuma, lakini leo asubuhi vipande vimekatika bila kunata kisuni, na hadi saa hizi za jioni vimebaki vikavu ndani ya mkebe. Perege nitawachukua kwa mfugaji wa jirani siku hiyohiyo, niwakaange samaki hao huku wanafunzi wakiwa wamekaa mezani, na marmaladi nitaitengeneza kwa machungwa ya Muheza. Limebaki swali moja kwa mpishi wetu: nikitaka vipande 60, je, nizidishe vipimo mara mbili katika sufuria moja?

Mpishi wa Wete

Hapana, mwalimu. Pika mara mbili. Donge likiwa kubwa, la chini huungua kabla la juu halijaiva, na mwiko mmoja wa mtu mmoja hautoshi kuligeuza.