Fundi akibadilisha transista za mashine yako ya zamani bila kukwambia, ni haki?

Mwana_Uyole
Wakuu, tulijadili hili bila kutaja mtu wala duka. Amplifaya ya baba ni ya miaka ya 70. Iliungua upande wa kushoto, fundi mmoja hapa mjini akaitengeneza, ikalia. Juzi naifungua nifute vumbi, nakuta kushoto kuna transista mbili mpya za namba 2N3055, kulia zile za zamani. Nimepitisha kitambaa chenye spiriti juu ya moja ya hizo mpya, maandishi yote yakaondoka. Tena mashine ikiwa imewashwa tu, haipigi kitu, bati la kupozea la kushoto halishikiki. La kulia lina uvuguvugu.

Hakuniambia chochote. Je, fundi ana ruhusa ya kuweka mbadala kwenye mali ya mtu kimyakimya? Mimi nasema hana. Na zile alizotoa zilipaswa kurudi kwangu hata kama ni maiti. Mafundi wa Mbeya wanajua kuchomeka, kupima hawajui.

Fundi_Mafiati
Hiyo sentensi ya mwisho umetukosea adabu, kaka. Mita ninayo, na kila transista inayotoka mezani kwangu imepimwa. Mbona hujasema ulilipa shilingi ngapi? Mteja anakuja saa nane mchana, jioni ana harusi, anataka mashine ilie. Ukimwambia subiri spea itoke Kariakoo, anakuita mwizi. Ukimwekea iliyopo, unaitwa kanjanja. Tushike lipi?

Mnyalukolo_wa_Kihesa
Kamwene. Hapa tusizungukane, mwenye mashine lazima aambiwe, kwa sababu namba kufanana si transista kufanana. Karatasi ya mtengenezaji wa 2N3055 inaruhusu geini, yaani mara ngapi inakuza mkondo, ya 20 mpaka 70 kwenye ampea 4. Maana yake unaweza kushika mbili orijino, moja ina 25 na nyingine 65, na zote halali. Ukizifunga sambamba, zigawane mzigo mmoja, bila kuzipima, ni plau iliyofungwa maksai na ndama. Moja inabeba mkondo mkubwa, inapata moto, na ikipata moto volti kati ya miguu yake ya besi na emita inashuka karibu milivolti 2 kwa kila nyuzi moja. Ikishuka, inavuta mkondo zaidi. Hapo inajipika mpaka inakufa.

Fundi_Mafiati
Umesoma vizuri, ila hujasoma alichoandika. Ana mbili kila upande, moja ya juu na moja ya chini. Hakuna sambamba hapo. Moto wa hivyo bila muziki chanzo chake ni bayasi, ule mkondo mdogo unaopita kwenye transista hata bila muziki, haikurekebishwa baada ya kubadilisha. Au ni hili ambalo wengi hawalijui: 2N3055 za RCA za zamani zilikuwa nzito, kasi yake kama megahezi 0.8. Zilizokuja baadaye zinaanzia 2.5. Sakiti iliyopangwa kwa zile nzito ukiiwekea za kasi inaweza kuanza kutetema yenyewe. Sikio halisikii, bati linaungua.

Kijana_wa_Mwanjelwa
Watu wa Iringa mnatoa somo, mashine zikifa mnazipakia basi mnazileta Mwanjelwa hapa Mbeya 😂

Mnyalukolo_wa_Kihesa
Mashine ipi imetoka Iringa ikaja kwenu? Itaje. Sisi huku Iringa, pale Mashine Tatu, tuna wazee waliotengeneza redio za taa wewe hujazaliwa. Mtu anaongelea geini, wewe unaleta mabasi.

Kijana_wa_Mwanjelwa
Wazee wapo, spea hamna. Sisi tuko jirani na Tunduma mpakani, mzigo unapita mlangoni.

Mnyalukolo_wa_Kihesa
Ndiyo maana mmejaa feki. Transista za 2SC5200 na 2SA1943 mnazouza, pasua moja uone kilichomo. Orijino ya Toshiba ni ya volti 230, ampea 15, wati 150, na kipande chake cha silikoni ni kipana. Zenu kipande ni kama punje ya ulezi. Kuna Tume ya Ushindani kwa ajili ya bidhaa bandia, mnajua?

Mama_Kwaya_Tukuyu
Wanangu, mnagombea mikoa na swali mmeliacha. Kwaya yetu tulipeleka amplifaya, ikarudi inalia vizuri sana. Jumapili katikati ya wimbo ikapiga "pu!", spika zote mbili za besi zikatoa moshi. Fundi akasema transista alizoweka ni nzima, spika ndizo zilizochoka. Waumini walichanga kwa miezi kununua zile spika. Nani alipe?

Fundi_Mafiati
Shikamoo mama. Spika iliyochoka haitoi moshi ghafla hivyo. Transista ikifa kwa shoti, umeme wa DC wa mashine, ule wa upande mmoja kama wa betri, unaingia moja kwa moja kwenye koili ya spika. Mashine nyingi za zamani hazina relei, swichi ya kukata umeme huo yenyewe. Kazi ya namna hiyo huwashwa kwanza kupitia balbu ya wati 60 iliyofungwa kwa mfululizo, balbu ikiwaka kwa nguvu na isififie unazima. Halafu unapima DC kwenye matundu ya spika kabla ya kufunga spika yoyote.

Mama_Kwaya_Tukuyu
Marahaba mwanangu. Sasa nani alipe?

Mwana_Uyole
Alipe fundi, mama. Kama aliweka feki bila kuwaambia, ni deni lake.

Fundi_Mafiati
Na kama na yeye aliuziwa feki kwa bei ya orijino? Fundi wa meza moja pale sokoni alipe spika za kwaya nzima, aliyemuuzia je?

Mwana_Uyole
Huyo mtafutane wenyewe. Mama hamjui muuzaji, anakujua wewe. Ungemwambia "mama, hii siyo ya mwanzo, sina uhakika nayo," angechagua mwenyewe kufunga spika au kuacha.

Fundi_Mafiati
Hapo kwenye kumwambia sibishi, mimi mteja wangu namwambia. Ninachokataa ni kutupwa kapu moja. Lete mashine Jumamosi, nitaifungua mbele yako, tupime bayasi kwenye rizista za emita, zile zinazopitisha mkondo wa transista, pande zote mbili, kushoto kusome milivolti zilezile za kulia. Lakini futa kwanza yale maneno ya kuchomeka.

Mwana_Uyole
Jumamosi nakuja. Maneno sifuti mpaka niione mita.

Kijana_wa_Mwanjelwa
Na yule wa Kihesa naye aje, nauli yake nalipa mimi.

Mnyalukolo_wa_Kihesa
Nauli ninayo. Nakuja na 2N3055 zangu nilizozipima, na zenu tutazipasua hapohapo mezani.