Mjadala: Je, ilikuwa sawa tamthilia ya The Night Manager imwadhibu Roper, ilhali riwaya ilimwacha huru?

Ndugu wasomaji, swali hili limenikaa moyoni tangu niliposoma riwaya hii, miaka kadhaa baada ya kuitazama tamthilia iliyotokana nayo, na nimeona nililete mbele yenu ili tulijadili kwa kina. Ambaye hajaitazama aelewe mapema kwamba sitaweza kuuficha mwisho, kwa kuwa ni huo mwisho ninaoulalamikia.

John le Carré alichapisha The Night Manager mwaka 1993. Mwaka 2016 BBC ya Uingereza na AMC ya Marekani zikaonyesha tamthilia ya sehemu 6, mswada ukiwa wa David Farr na mwongozaji akiwa Susanne Bier wa Denmark. Kisa ni kile kile: Jonathan Pine, mwanajeshi wa zamani aliyegeuka meneja wa zamu ya usiku hotelini, anapenyezwa hadi mezani na kitandani mwa maisha ya Richard Roper, tajiri wa Kiingereza anayeuza silaha chini ya kivuli cha biashara halali. Katika riwaya, Roper anaondoka salama. Kinachookolewa ni uhai wa Pine na wa Jed, mpenzi wa Roper, na hata huo unaokolewa kwa hila ya Burr, jasusi aliyemtuma Pine, wala si kwa nguvu ya sheria. Katika tamthilia, silaha zinalipuliwa, Roper anakamatwa Cairo, na gari la polisi linalombeba linaishia mikononi mwa wateja wake wenye hasira ya kupoteza mali yao.

Msimamo wangu ni kwamba mabadiliko hayo hayakuwa sawa, na nasema hivyo nikiwa mtu aliyeipenda sana tamthilia hiyo.

Nisieleweke vibaya kwamba nataka riwaya inakiliwe neno kwa neno. Burr wa kitabuni ni mwanamume aitwaye Leonard. Wa kwenye televisheni ni Angela, aliyeigizwa na Olivia Colman akiwa mjamzito kwelikweli, na watayarishaji wakauingiza ujauzito ule katika hadithi. Sikumbuki badiliko jingine lililonifurahisha kiasi hicho, kwa sababu mama mtarajiwa anayemwinda muuza silaha kutoka ofisi ndogo isiyo na fedha anaubeba uzito wa jambo lenyewe bila kuhubiri. Riwaya inaanzia Zurich wakati wa Vita vya Ghuba vya mwaka 1991; tamthilia inaanzia Cairo mwaka 2011, umma ukiwa barabarani dhidi ya Hosni Mubarak. Makazi ya Roper yametolewa Bahamas yakapelekwa Mallorca. Hayo yote nayakubali, maana hakuna hata moja lililogusa kiini.

Kiini kiko katika usiku mmoja hotelini Cairo. Sophie, mwanamke anayeishi chini ya himaya ya Freddie Hamid, mshirika wa Roper, anampa Pine karatasi zinazoorodhesha silaha. Pine anazitoa nakala, na kwa nia njema kabisa anampelekea mtu anayemfahamu katika ubalozi wa Uingereza. Itazameni safari ya karatasi zile: kutoka mkono wa mwanamke mwenye hofu hadi kwa meneja wa usiku, kutoka kwa meneja hadi ubalozini, kutoka ubalozini hadi London, na kutoka London hadi masikioni mwa Roper. Sophie anauawa. Roper hakuhitaji kuweka jasusi wake hotelini, kwani waliomfikishia habari walikuwa wamekaa katika ofisi za serikali iliyopaswa kumkamata. Kwa maoni yangu riwaya nzima inahusu njia hiyo iliyopita karatasi, na mwisho wake, ambapo Roper anakwenda zake huku wakubwa wa London wakifunga majalada, ni hatua ya mwisho ya njia hiyo hiyo.

Msomaji wa Uingereza wa mwaka 1993 hakuhitaji kutafsiriwa jambo hilo. Novemba 1992 kesi ya wakurugenzi wa kampuni ya Matrix Churchill, walioshtakiwa kwa kuiuzia Iraq mitambo ya kutengenezea silaha kinyume cha sheria, ilivunjika mahakamani baada ya Alan Clark, aliyewahi kuwa waziri, kutoa ushahidi ulioonyesha kwamba serikali yenyewe ilijua. Kabla ya hapo mawaziri walikuwa wametia saini vyeti vya kuzuia nyaraka za serikali zisitolewe kwa upande wa utetezi. Wangefanikiwa, watu wale huenda wangefungwa kwa jambo ambalo serikali ililifumbia macho. Uchunguzi wa Jaji Scott ulitoa ripoti yake Februari 1996. Riwaya ilizaliwa katikati ya mambo hayo, na ndiyo maana haikumpa Roper pingu.

Sasa tazameni ni nani anayemwadhibu Roper kwenye televisheni. Si mahakama ya London, wala si Bunge, wala si ile idara ya ujasusi iliyomlinda. Wanaomtia mkononi ni wateja wake, Waarabu tusioelezwa mengi kuwahusu, nao wanamchukua mbali na macho yetu kwenda kumfanya tunachoachiwa kukisia. Mwisho huo unaisitiri London mara mbili: kwanza unatuaminisha kwamba muuza silaha alipata malipo yake, na pili unaikabidhi kazi chafu ya kulipiza kisasi kwa watu wa Mashariki ya Kati, ambao ndio waliokuwa wanauziwa mauti tangu sehemu ya kwanza. Jambo hili la pili ndilo linaloniuma zaidi, na sijaliona likijadiliwa vya kutosha.

Wengine watasema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya na sisi huku yanatuhusu nini. Mimi nilikuwa Mombasa Februari 2009, meli ya MV Faina ilipotia nanga Kilindini. Ilikuwa imetekwa na maharamia wa Kisomali tangu Septemba 2008, ikiwa na vifaru 33 aina ya T-72 kutoka Ukraine pamoja na silaha nyingine, na ikaachiwa baada ya kikomboleo kulipwa. Kwenye feri ya Likoni gumzo lilikuwa moja tu: vifaru hivi ni vya nani? Serikali ya Kenya ilishikilia kuwa ni vya jeshi lake. Hati za shehena zilikuwa na herufi GOSS, ambazo wengi walizisoma kuwa Serikali ya Sudan Kusini, lakini msemaji wa serikali alieleza kwamba ni kifupi cha maneno ya kijeshi yasiyohusiana na Sudan. Mwishoni mwa mwaka 2010 nyaraka za kibalozi za Marekani zilizofichuliwa na WikiLeaks zikaonyesha kwamba mabalozi walielewa vizuri safari ya vifaru vile ilikuwa inaelekea Juba. Namkumbuka mzee mmoja aliyesimama kando yangu ukingoni mwa feri, akaitazama bandari kwa muda mrefu, kisha akauliza kama herufi nne zinaweza kuficha vifaru thelathini na vitatu. Zinaweza, maadamu zimepigwa muhuri. Aliyeiona bandari siku zile hawezi kuridhika na hadithi inayosema kwamba tatizo la biashara ya silaha ni mtu mmoja mwovu, akiondolewa mambo yanatengemaa.

Wapo pia wanaosema kwamba wauza silaha hukamatwa, hivyo mwisho wa tamthilia si ndoto. Ni kweli hukamatwa mara mojamoja. Viktor Bout, Mrusi ambaye wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walimtaja mara nyingi katika biashara ya silaha zilizochochea vita vya Afrika, Kongo ikiwemo, alikamatwa Bangkok mwaka 2008, akahukumiwa New York mwaka 2012 kifungo cha miaka 25, na Desemba 2022 akaachiwa kwa kubadilishana na mchezaji wa kikapu Brittney Griner. Akarudi nyumbani. Kati ya miisho miwili tunayoijadili, huo unafanana zaidi na wa kitabuni.

Karibuni mchangie.

Nyongeza, baada ya kusoma michango yenu:

Nawashukuru wote mlioandika kwa utulivu. Hoja iliyojirudia mara nyingi ni kwamba le Carré mwenyewe aliyaunga mkono mabadiliko, hata akaonekana kwa muda mfupi katika tamthilia akiwa mteja wa mkahawa, na kwamba kampuni iliyoitayarisha, The Ink Factory, ni ya wanawe. Ni kweli, na kwa hiyo hakuna aliyeibiwa wala kudhulumiwa haki yake. Lakini ruhusa ya mwandishi inajibu swali la nani ana haki ya kubadili. Haijibu kama kilichobadilishwa kimekuwa bora. Mzazi anaweza kukubali mahari ndogo na bado majirani wakaona binti alistahili zaidi.

Mchangiaji mwingine amenikumbusha kwamba sisi tuliokulia mikononi mwa Willy Gamba wa Elvis Musiba tumezoea jasusi anayeshinda, na kwamba mtazamaji aliyetoa saa sita za maisha yake hastahili kurudishwa mikono mitupu. Namwelewa, nami nilimpenda Gamba. Ila Gamba alipigana na maadui wa ukombozi wa Afrika, huku nyuma yake ikiwepo serikali tuliyoiamini. Pine anatumwa na watu wachache wanyoofu ndani ya serikali inayowasaliti. Ukimpa ushindi ule ule, umeisahau tofauti hiyo.

Hoja iliyonitikisa ni ya dada aliyeuliza kwa uchungu: Sophie afe, na msomaji aambiwe kwamba hakuna atakayelipa, kwa sababu eti ndivyo dunia ilivyo? Anasema wanawake wamechoka kufa katika sehemu ya kwanza ili wanaume wapate sababu ya kusafiri, na kama mwandishi amewaua, angalau awatafutie haki. Nimekaa na swali hili siku mbili. Nakubali kwamba mwisho wa riwaya unamwacha Sophie bila haki, na kwamba ukali huo unaweza kumgeuza kuwa chombo tu cha kumsukuma Pine. Hata hivyo, Freddie Hamid anakufa mikononi mwa Pine katika tamthilia, na baada ya kifo hicho sikuona Sophie akitendewa haki. Nilimwona Pine akipata nafuu. Haki ya Sophie ingedai tumjue aliyezisoma karatasi zake pale London na kuamua zimfikie Roper, tumwone akiulizwa maswali mbele ya watu, jina lake likiandikwa. Tukio hilo halimo katika riwaya, halimo katika tamthilia, na kama mwandishi wa mswada alitaka kuongeza kitu kwenye kitabu, hapo ndipo palipokuwa na nafasi.

Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba misimu miwili zaidi imeagizwa, ingawa le Carré, aliyefariki Desemba 2020, hakuandika riwaya ya pili ya Pine. Walioisoma riwaya kabla ya kuitazama tamthilia hawajachangia sana hapa, na ningependa kusikia kutoka kwao: mlipoliona lile gari la polisi Cairo likigeuza njia, mlijisikiaje?