Saba na septem: nani alimkopesha nani?

Mwanzisha mada: Wakuu, kuna bishano halijanitoka kichwani. Namba saba kwa Kiarabu ni sab'a, Kiebrania sheva, Kiakadi (lugha ya kale ya Iraki) sebe. Upande wa pili, Kilatini ni septem, Kisanskriti (lugha ya kale ya India) sapta. Na sita hivyo hivyo: Kiebrania shesh, Kilatini sex. Mimi nasema Wasemiti, yaani ukoo wa Kiarabu, Kiebrania na Kiakadi, ndio waliokopesha. Ile t ya septem ni mkia wa Kisemiti, uleule unaousikia kwenye sab'atun ya Kiarabu. Nani anabisha?

Jirani wa Kadhi: Nabisha kwenye sita. Waliosoma mirathi wanajua fungu la mama ikiwa marehemu ameacha watoto: sudusi, yaani moja ya sita. Hiyo d imetoka wapi? Ilikuwamo tangu mwanzo. Waarabu wameimezea ndani ya t, ndiyo maana sitta yao ina t mbili. Nenda Addis Ababa usimame kituoni, utamsikia konda anaita abiria wa Sidist Kilo, na hiyo sidist ndiyo sita ya Kiamhari, nacho ni Kisemiti. Maandishi ya kale ya Yemen yanaandika sita s-d-th. Haya, iweke kando ya sex uone kama bado wanafanana.

Kenda: Sita chukua, nimekuachia. Saba siitoi. Kimisri cha kale kina s-f-kh, Waberiberi wa Afrika Kaskazini wanasema sa, na hao wote ni ukoo mmoja mpana na Wasemiti. Neno lina wenyewe. Kama kuna aliyekopa, ni huyo wa septem.

Mzee Kobe: Neno moja kufanana si ushahidi. Nani anakopa saba peke yake, akaacha zinazoizunguka?

Kenda: Sisi hapa, mzee wangu! Sita, saba na tisa ni za Kiarabu, nane yetu imekaa katikati kama mgeni kwao. Zamani tulikuwa na tandatu, fungate na kenda. Fungate imebaki kwa maharusi, siku zao saba za ndani. Kenda bibi yangu aliitumia akihesabu nazi mpaka anazikwa, tisa hakuitaka.

Mzee Kobe: Nimekubali, inawezekana. Ila mkopo wetu una bandari: majahazi, bei, karne za kuuziana. Wenye asili ya septem, yaani mababu wa Kilatini na Kisanskriti, wataalamu wengi wanawaweka kwenye nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi, mbali kabisa na Wasemiti. Hiyo saba yenu ilishushwa bandari gani?