Nimelipa karo ya kozi ya huduma za dharura Malindi miezi sita, ndani ya ambulensi sikuingia hata siku moja

Asalamu alaykum ndugu zangu. Nina hasira na sitaificha. Nilinyamaza muda mrefu kwa kuwa mama aliniomba tusigombane na wenye pesa, lakini juzi nimekuta tangazo la chuo kile cha Malindi kwenye jeti ya Mokowe, upande wa bara wa Lamu, wasajili wanafunzi wapya. Picha ni ile ile ya ambulensi nyeupe. Gari lile si lao, na sisi tulilijua kwa picha hiyo hiyo mpaka tukamaliza.

Mimi ni mtoto wa kisiwa cha Pate, Lamu. Baba aliuza mashine ya boti aliyokuwa akivulia ndipo zikapatikana shilingi 78,000 za kozi. Nikapanga chumba Maweni na mwenzangu wa Witu. Tuliambiwa nusu ya masomo itakuwa kazini, ndani ya ambulensi, chini ya mtu mwenye leseni, kisha chuo kitupeleke kwenye mtihani wa baraza la kitaifa.

Darasa lilikuwa la watu 41 na mdoli mmoja wa mazoezi, kifua chake kimebonyea hakirudi. Aliye kwenye kazi hii anajua ubaya wake. Kifua cha mtu mzima chabonyezwa sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila ukibonyeza lazima ukiachie kirudi juu, maana hapo ndipo moyo hujaa damu tena. Mdoli usiorudi waufundisha mkono kitu gani? Zamu yangu ilikuwa dakika mbili kwa wiki. Mtungi wa oksijeni ulikuwepo, mtupu. Ubao wa kumlazia aliyeumia uti wa mgongo tuliuona siku ya ufunguzi, wageni walipokuja, haukuonekana tena.

Atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, ilikuwa wiki tatu kwenye zahanati, napanga mafaili na kupiga deki. Nilipouliza habari ya ambulensi, mkufunzi akanijibu mbele ya wenzangu, "Wewe mtoto wa visiwani una haraka gani? Kwenu hata barabara hakuna."

Ni kweli hakuna, na ndiyo sababu nilikwenda kusoma! Mgonjwa wa Faza au Kizingitini hutolewa nyumbani kwa kitanda, hufikishwa ufuoni, na maji yakiwa yamekupwa watu humbeba mikononi mpaka kwenye boti. Akifika Amu, yaani mji wa Lamu, ikashindikana, boti tena hadi Mokowe, ndipo apate gari: Witu, Garsen, Malindi, zaidi ya kilomita 200. Nani alitufundisha kumfunga mtu ubaoni ndani ya boti ya faiba inayorushwa na kusi? Nani alituonyesha kutafuta mapigo ya moyo na mashine inatetemesha kila kitu? Hata kwamba aliyezama huanzwa kwa kupuliziwa pumzi kabla ya kubonyezwa kifua, kwa kuwa kilichomwangusha ni kukosa hewa, nilijisomea usiku kwenye simu. Na Malindi yenyewe iko ufuoni.

Mwezi wa kumi nilipanda boti Mtangawanda kuja Amu. Ndani mlikuwa na mama aliyejifungua alfajiri, damu haikatiki. Watu wakanigeukia: "Wewe si umesomea?" Mikono ikanifa ganzi. Bibi mmoja, mkunga wa kwetu, akanishika kiganja akakiweka chini ya kitovu cha yule mama. "Sugua, mwanangu. Sugua mpaka ukisikie kigumu kama dafu." Nikasugua, bibi ameuweka mkono wake juu ya wangu, mpaka kizazi kikakaza na damu ikapungua. Mama yuko hai, alhamdulillahi, na mtoto pia. Lakini kila nikilala nawaza: bibi angechelewa boti ile?

Sasa kuhusu mtihani. Tulipomaliza, chuo kikadai shilingi 22,000 nyingine ndipo kitupeleke, jambo ambalo fomu ya kujiunga haikulitaja. Wengi hatukuwa nazo. Nimeomba kazi mara mbili, mara zote mbili nimeulizwa namba ya usajili, sina. Cheti chao chenye muhuri wa dhahabu hakuna aliyekifungua mara ya pili.

Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 43(2), yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza kwamba matibabu hayo yahesabu na huduma kabla ya kufika hospitali. Ambulensi zimewekwa chini ya kaunti. Haki hiyo itamfikiaje mtu wa Kiunga kama wanaoandaliwa kumhudumia wanafundishwa kwa picha?

Kwa mzazi anayetaka kulipa sasa: nenda mwenyewe. Omba kuliona gari na kumwona dereva wake. Uliza ni saa ngapi mwanao atakaa ndani ya gari hilo, na uandikiwe kwa karatasi. Gharama ya mtihani nayo iandikwe kabla hujatoa hata shilingi.

Na nyinyi mliokuwa darasani nami, mwajijua. Risiti zangu nne ninazo, na fomu ya kujiunga ninayo. Nataka tuwe angalau 10 ndipo tukaandikishe malalamiko pamoja, kwa sababu nilipokwenda peke yangu niliambiwa nirudi Jumatatu, na Jumatatu hiyo mlango ulikuwa umefungwa. Nitumieni ujumbe, hata usiku.